Chuma cha Aberystwyth

Eluned Prosser alikuwa ameandika barua kumi na moja kwa nyumba za wageni za Aberystwyth, mji wa pwani, akajibiwa zote kumi na moja, na zote zilisema jambo moja: vyumba vya chini vimejaa. Alizipanga mezani kando ya birika la chai, akazikodolea macho kwa hasira.

Kosa lilikuwa la mumewe. Mwaka jana, asubuhi ya kuondoka Aberystwyth, mwenye nyumba ya wageni alisimama mlangoni na daftari lake, akauliza kama kawaida, "Chumba kilekile mwakani, Bwana Prosser?" Na Idwal, aliyekuwa amepumzika mara tatu katika kuzishuka ngazi tu, akajibu, "Chumba kilekile." Chumba kilekile kilikuwa orofa ya tatu. Wamelala humo kila likizo ya wachimba makaa tangu fungate yao, miaka thelathini na miwili, na kwa watu wa bonde lao kuhama chumba ni jambo zito karibu sawa na kuhama kanisa. Sasa vumbi la mgodi lilikuwa limejaa mapafuni mwa Idwal, na daktari alishasema wazi kwamba ngazi ni marufuku. Eluned aliogopa kwamba mumewe asipoiona bahari mwaka huu, hataiona tena. Hilo hakumwambia mtu.

"Si mje ufukwe wa Porthcawl kama watu wengine?" alisema Morfydd, dada yake Idwal, aliyekuja kuazima sanduku la safari. "Unalala kwenye karavani, kijumba cha magurudumu, ngazi hakuna. Mtaa mzima tutakuwa huko."

"Ndiyo maana hataki, wifi. Mtaa mzima mtamsikia akikohoa."

"Kwani hapa hatumsikii?"

Eluned akamimina chai. Wifi yake alijaliwa kipaji cha kusema kweli pale isipotakiwa.

Jumatatu akaenda kwenye kibanda cha simu na kuipigia nyumba ya mwisho iliyobaki kwenye orodha yake. Mama wa huko akamwambia kuna mgeni amevunjika nyonga juzi, kwa hiyo chumba cha chini kipo wazi, na dirisha lake linatazama baharini. Ila athibitishe kwa barua itakayotiwa posta kufikia Alhamisi, la sivyo atapewa mwingine. Eluned alirudi nyumbani mbiombio.

"Iko wapi hiyo nyumba?" Idwal aliuliza.

"Mwisho kabisa wa njia ya ufukweni, chini ya mlima. Chuma kiko hatua ishirini tu kutoka mlangoni! Utakipiga teke hata ukiwa na ndara."

Idwal akaweka kikombe chini. "Basi sitaki."

Yeyote aliyewahi kukaa Aberystwyth anakijua chuma hicho. Mtu hutembea kandokando ya bahari kutoka bandarini mpaka njia inapoishia, akakipiga teke kile chuma cheupe cha mwisho cha uzio, ndipo anageuka. Sababu hakuna aijuaye, lakini asiyekipiga huhesabiwa hajatembea. Siku ya fungate Idwal alikipiga kwa mbwembwe hata ukucha wa kidole gumba ukang'oka.

"Huwezi kulala mlangoni pa chuma halafu ukakipiga," alisema. "Huo ni wizi, Luned. Kinapigwa na mtu aliyetoka bandarini kwa miguu yake."

"Miguu unayo! Pumzi ndiyo huna!"

Neno lilikwisha toka. Idwal akachukua kofia yake taratibu. "Nakwenda kwenye njiwa wa Tudor," akasema, akatoka.

Siku hizi kila asubuhi alikuwa akienda kuwatazama njiwa wa jirani huyo. Jumanne alikwenda, Jumatano alikwenda, na kila aliporudi Eluned alimuuliza na yeye akajibu kwamba bado anafikiria. Sanduku la Eluned lilikuwa limefungwa tayari. La Idwal lilikuwa wazi kitandani, tupu kabisa, na kila alipolipita Eluned alitamani kulipiga teke hilo.

Alhamisi ikafika. Akaitia mfukoni barua ya kuthibitisha chumba na kumfuata mumewe, ampe jibu leo hii, ndiyo au hapana. Jirani yao Tudor alitoa kichwa bandani mwa njiwa zake, akashangaa.

"Idwal? Hajakanyaga hapa tangu Pasaka, mama."

Eluned aliondoka akiwa amefura. Akakata kona kuelekea kanisani, na hapo ukutani akaona mstari wa chaki, na kando yake tarehe, kwa mwandiko anaoujua. Huo wa karibu na lango la kanisa ulikuwa wa mwezi wa tano. Akaufuata ukuta kurudi upande wa nyumbani. Mistari ya mwezi wa sita ilikuwa karibu na sanduku la posta. Ya mwezi wa saba ilizidi kusogea nyumbani. Wa leo ulikuwa nyumba ya nne kutoka kwao, na chini yake alikaa Idwal na kipande cha chaki mkononi, akiitafuta pumzi kwa kinywa wazi.

Eluned alitaka kumfokea, na alitaka kulia. Akakaa kando yake.

"Nilidhani nikianza mazoezi mapema nitaweza," Idwal alisema hatimaye.

"Kila siku unaanzia wapi?"

"Mlangoni kwetu. Nianzie wapi tena?"

"Mjinga wewe. Si uanzie ulipoishia jana?" Eluned akamnyang'anya chaki. "Sikiliza. Siku ya kwanza tunapanda basi mpaka bandarini. Unatembea hadi pumzi inakuishia, nachora mstari, tunarudi kwa basi. Kesho yake tunaanzia kwenye mstari. Hakuna hatua utakayokuwa umeiiba. Tuna siku kumi na nne."

Idwal akajipangusa chaki vidoleni.

"Kumi na mbili," alisema. "Jumapili hatutembei."

"Haya, kumi na mbili."

Idwal akatazama kutoka kwenye mstari hadi mlangoni kwao, nyumba nne tu, na Eluned akajua anazidisha kwa kumi na mbili. Yeye mwenyewe alishazidisha. Hazikufika hata nusu ya njia ya kutoka bandarini hadi kwenye chuma.

"Asubuhi na jioni," Eluned akasema haraka. "Tutatembea mara mbili."

Idwal akainuka kwa kuushika ukuta. Akaushika mkono wake, wakarudi nyumbani polepole, na Eluned akaenda kuitia barua posta bila kupata jibu la mumewe. Aliporudi, sanduku la kitandani halikuwa tupu tena. Ndani yake kulikuwa na kitu kimoja tu: boksi zima la chaki.