Breki za Noelene Ziko Miguuni

Noelene Tregenza ana vidole saba tu. Vitatu vya mkono wa kulia vilibaki kwenye mashine ya kushindilia sufu, zamani alipofanya kazi ya kukata kondoo manyoya, na vya kushoto vimekakamaa kwa baridi yabisi. Sufuria huibeba kwa viganja. Lakini baiskeli! Hapa Korrabin, mji wetu wa vilima huku Australia, hakuna anayemfikia.

Konstebo Pascall alikuwa na wiki mbili tu tangu aletwe kwetu kutoka Adelaide. Alimsimamisha Noelene mbele ya duka langu la mikate, mlango wangu ukiwa wazi, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Mama, breki ziko wapi?"

"Zipo."

"Mbona sizioni?"

"Utazionaje, nawe unatazama mikono? Tazama miguu."

Noelene akainua gurudumu la nyuma, akalizungusha, kisha akaikanyaga pedeli kinyumenyume. Gurudumu likakwama papo hapo.

"Hizo ni za baiskeli za watoto," Pascall akasema. "Barabarani zinatakiwa breki za mkono."

"Mkono upi, mwanangu?"

Akamwonyesha ule wa vidole viwili. Kijana akawa mwekundu hadi masikioni, ila kalamu haikusimama. Akamwandikia faini, akamkataza kuipanda hadi aifunge breki za mkono.

"Lipa yaishe, shoga," nilimwambia jioni ile.

"Glenys, nikilipa nimekiri kwamba miaka yote nimekuwa nikihatarisha watoto wa watu. Sikiri uongo mimi."

Basi akaipinga faini mahakamani, akaenda kwa miguu wiki saba akingoja kesi. Walevi wa baa walimtania, "Vipi Noelene, petroli imekwisha?" Naye aliwajibu, "Yenu ndiyo haiishi!" akacheka nao. Lakini siku moja nilimkuta ameketi kwenye ngazi za posta akisugua magoti, macho mekundu. Nilimpa mkate wa nyama, nikakaa naye.

Kumbe kila alasiri alikuwa akishinda maktaba. Ilipofika siku ya kesi alivaa koti lake la mazishini, akaingia ukumbi wa mji bila wakili. Hakimu Verrall huja kwetu mara moja kwa mwezi. Ni mwanamke mkavu wa maneno, na anapenda mambo yaende haraka.

"Mheshimiwa," Noelene akasema, karatasi ikiwa viganjani, "sheria inasema baiskeli iwe na angalau breki moja inayofanya kazi sawasawa. Nimeisoma mara kumi. Haisemi ya mkono. Haisemi ya mguu."

Hakimu akafungua kitabu chake, akasoma. Kisha akamgeukia Pascall.

"Konstebo, uliijaribu breki yenyewe?"

"Hapana, Mheshimiwa. Niliona gurudumu tu likizungushwa hewani."

"Basi twende tukaione chini."

Ukumbi mzima ukahamia Mtaa wa Kanisa, mteremko mkali kuliko yote. Hakimu akamwambia Pascall achore mstari wa chaki mahali ambapo baiskeli salama ingekuwa imesimama, ikianza kushika breki penye nguzo ya taa. Pascall akauchora. Wallahi, aliuchora karibu mno na nguzo, watu wakaguna.

"Kijana ana ubahili huyo!" mtu akapiga kelele.

Noelene alikuwa juu kabisa, kofia yake ngumu imekaa upande. Akajiachia. Alikuja kwa kasi, mikia ya koti ikipepea, nami nikajishika mdomo. Alipofika kwenye nguzo akasimama wima juu ya pedeli, akaikandamiza ya nyuma kwa uzito wake wote. Tairi likalia, kokoto zikaruka, baiskeli ikayumba kidogo ikanyooka. Ikatulia.

Pascall akainama kutazama. Gurudumu la mbele halikuifikia chaki; palibaki nafasi ya kiatu kizima.

Akasimama, akavua kofia yake. "Imesimama, Mheshimiwa. Nimekosea." Kisha akamtazama Noelene. "Samahani, Mama."

"Shauri limefutwa," akasema hakimu palepale barabarani, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu.

Tulipiga vigelegele vya kuamsha makaburi. Mwenye baa alijitolea kumpeleka Noelene nyumbani kwa gari lake. Akakataa. Akageuza baiskeli, akaukwea Mtaa wa Kanisa wote bila kushuka, akapotea nyuma ya kilima. Sote tukabaki tumesimama, hakimu pamoja nasi. Kisha tukamsikia kabla ya kumwona: kengele mfululizo, na Noelene akiteremka tena, anapiga kelele tupishe njia.