Swali la Ulfat

...asinyanyuke, Salhiya alijiambia, akae papo hapo nyuma ya ukumbi, aume meno, ingawa Bi Ummkulthum, mkuu wa kituo cha afya cha upande wa Kidichi, keshasema mbele ya wote, "Huu mfumo wenu wa kunitumia ujumbe kila jokofu la chanjo likizimika, mie haunifai," na Ulfat, mwanafunzi wake, kasimama mbele ya skrini, rimoti mkononi, yule yule wa mwaka jana, alipoulizwa kidogo tu akatoka nje analia, ewe Mola mpe ulimi... na pembeni Dokta Wakil, mkuu wa idara, anakohoa, kikohozi cha nlikwambia mie, maana ndiye aliyesema kikaoni, "Bi Salhiya, hapa tunafundisha uhandisi wa mifumo, kuongea na watu watajifunza wakiajiriwa," naye akamjibu kwa hasira, na nani atawaajiri hao mabubu?, akalipigania somo lake la kuongea na watu, akawatoa wanafunzi madarasani mwa chuo, Chukwani, wakakae na watu, wasikilize, wajue kusema hapana bila ya kuudhi, na leo yote hayo yamo mdomoni mwa msichana mmoja, jibu, mwanangu, au usijibu, uliza... "Bi Ummkulthum," Ulfat kaanza, rimoti kaiweka chini, "jokofu likizimika na wewe unazalisha, simu yako huwa wapi?" ...huwa wapi!, hakuna aliyelifikiria hilo, hata yeye mwalimu, na yule mama anaangua kicheko, "Simu? Imo drooni, mwanangu, mikono yangu si imo kazini!" na ukumbi mzima unacheka naye, "Basi tutaweka king'ora ukutani, kilie mpaka wodini, hilo tunaliweza, ila kuunganisha vituo vyote vya afya mwaka huu, kama mlivyoomba, siahidi, hatujalijaribu," kaisema, ile hapana kaisema!, na Bi Ummkulthum haudhiki, anaitikia kwa kichwa, anakivuta kiti mbele, na Wakil anainama, ananong'ona, "Swali lile umempa wewe?" "Sikumpa," anamjibu Salhiya, sikumpa, lake mwenyewe, mie nlimfundisha kuuliza tu, na Salhiya miezi yote hii akidhani somo litaanguka siku atakayochoka kuligombea, kumbe lishapata miguu, lile pale limevaa buibui, halimtazami hata yeye, halimhitaji, alhamdulillahi halimhitaji... na mbele Ulfat bado kasimama, anauliza la pili.