Mlezi Kizimbani

Mwandishi wa filamu alipoingia ukumbini alimkuta shangazi yake ameshakaa mstari wa mbele, mkoba mapajani, miguuni viatu vyake vya kutokea. Alikuwa amejisifu tu kwenye simu kwamba chuo kikuu kimemwita. Hakudhani mama huyo angefunga safari.

"Mwanangu, ningekosaje?" shangazi alisema, akamtengeneza kola.

Filamu yenyewe ilikuwa imezua mabishano kila ilikoonyeshwa. Mzee aliyepooza anapaliwa kitandani, anagonga kikombe kwa kijiko kuita msaada. Binti yake anayemlea anafika mlangoni, anashika kitasa. Mlango unafungwa, na kamera inabaki nje. Tukio linalofuata ni mazishi. Je, aliingia akashindwa kumwokoa, au alimfungia mlango na kwenda zake? Mhadhiri wa sheria aliona hapo pana somo zuri, akawaambia wanafunzi wake wamfungulie mlezi kesi ya kuua, yeye mwenyewe akae kama hakimu.

Walionyesha kipande hicho kwanza. Shangazi hakuwa ameiona filamu. Kijiko kilipoanza kugonga kikombe, alinyanyua shingo kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Aliyejitwika ulezi wa mtu asiyejiweza, sheria inamdai," alisema msichana wa upande wa mashtaka. "Kumtazama akifa bila kunyoosha mkono ni sawa na kumuua."

"Mheshimiwa, nani amemwona akitazama?" alijibu wakili wa utetezi, kijana mwembamba mwenye sauti nzito. "Sisi sote tumeona mbao za mlango tu. Palipo na shaka, mshtakiwa huachiwa."

"Kama si yeye, ni nani? Nyumba nzima alikuwemo yeye peke yake!"

Shangazi akanyoosha mkono. "Samahani, mheshimiwa. Yule kijana yuko wapi?"

"Kijana gani, mama?"

"Aliyeachiwa zamu ya kukaa na mzee."

"Kwenye filamu hakuna kijana, mama."

Shangazi aligeuka akamtazama mwandishi, mara moja tu. "Basi nimechanganya mambo," akasema. "Utu uzima huu." Watu wakacheka kwa upole, naye akaketi.

Mwandishi alitamani ardhi ipasuke. Kijana alikuwepo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na mchana ule shangazi alikuwa amekwenda kuchukua dawa akamwachia babu. Yeye akatoka kwenda kutazama mpira kwa jirani, dakika kumi tu, ambazo zilikuwa saa nzima. Shangazi aliporudi alimkuta baba yake ameshapoa. Ukoo ulipouliza, alisema, "Nilikuwa naye mimi." Kaka yake, yaani baba wa mwandishi, alimwambia mbele ya watu kwamba amemchoka mzee akamwacha afe, na tangu siku hiyo hakukanyaga kwake. Miaka kumi na sita. Na mwandishi, alipokaa kuandika, alimfuta kijana akambakiza shangazi mlangoni.

Mhadhiri akamgeukia. "Mwandishi, tuokoe. Mlezi alifanya nini?"

Jibu lake la siku zote lilikuwa tayari: namwachia mtazamaji. Waandishi wa habari walilipenda. Safari hii aliliacha.

"Kijana alikuwepo," akasema. "Nilimtoa kwenye hadithi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mimi."

Msichana wa mashtaka akaanza kupanga karatasi zake ambazo hazikuwa zimevurugika. Mhadhiri akakohoa, akasema mahakama hiyo inahukumu kilichomo ndani ya filamu; ushahidi wa nje haupokelewi. Wakapiga kura. Mikono iliyosema mlezi ana hatia ilikuwa mingi, na yote ilinyooshwa nyuma ya mgongo wa shangazi, ambaye hakugeuka kuihesabu.

Nje, kwenye ngazi, mwandishi alishindwa kumtazama usoni. "Shangazi, nisamehe."

"Kukuficha nilijitakia mwenyewe, ulikuwa mtoto," alisema. "Lakini huku kunianika hukuniuliza. Watu wangapi wameiona hiyo filamu?"

Idadi hiyo alikuwa akiitaja kwa majigambo kila alikoalikwa.

"Na mtu mmoja tu ndiye aliyestahili kuambiwa ukweli, naye hukumwambia. Nenda."

Alikwenda alasiri ileile. Baba yake alikuwa kwenye cherehani, akipinda suruali ya mteja. Mwandishi alisimama kama mwanafunzi mtoro akasema yote, pamoja na mpira, pamoja na ile saa nzima. Baba hakuinua kichwa mpaka mwisho.

"Dada yangu alikuwa dukani kuchukua dawa?"

"Ndiyo, baba."

"Nami nikamwambia yale maneno."

Mzee akazima cherehani, akaosha uso, akabadili shati. Mwandishi akasema atamsindikiza.

"Wewe baki hapa," baba alisema. "Mwenye suruali akija, mwambie haijaisha."

Akatoka. Mwandishi akabaki katikati ya vitambaa vya watu. Mteja alipofika na kuuliza fundi yuko wapi, akamwambia amekwenda kwa dada yake, na suruali haijaisha.