Kiarabu cha Bibi Damari

Mwaka 1971, baada ya mavuno, familia ya katekista Lazaro Mughwai ilihama kutoka kwenye tembe lake la zamani, nyumba ya udongo, karibu na Mtinko, ikaingia nyumba mpya katika kijiji cha ujamaa. Ilikuwa nyumba ya bati, na kila chumba kilikuwa na mlango wa mbao wenye komeo la chuma. Lazaro alikuwa katibu wa kijiji, hivyo alitaka nyumba yake iwe ya mfano.

Siku ya pili, mchana, mama yake, Bibi Damari, alikuwa amejilaza kwenye ngozi chumbani. Yustina, mke wa Lazaro, akafunga mlango kuzuia vumbi. Komeo lilipogonga, sauti ikatoka ndani.

Haikuwa sauti ya bibi. Bibi Damari alikuwa na karibu miaka tisini, na sauti yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza. Hii ilikuwa ya mtoto mdogo. Ililia maneno yale yale mara tatu, kwa lugha isiyokuwa Kinyaturu wala Kiswahili. Yustina alipofungua, alimkuta mama mkwe wake amelala, amefumba macho, midomo inacheza.

Lazaro aliomba, akanyunyizia chumba maji ya baraka. Haikusaidia. Waliacha kufunga mlango, lakini sauti ikaendelea kuja kila mchana hata mlango ukiwa wazi.

Binti yao Marietha alikuwa nyumbani wakati huo. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na anasubiri kupangiwa masomo. Yeye hakukimbia. Alikaa kando ya ngozi na daftari, akaandika alivyosikia: *Ya uhti, latighilikilbab, ana hina.*

Siku ya mnada alilipeleka daftari kwa Mzee Amri Tamimu, muuza vitambaa kutoka Singida mjini, ambaye pia alifundisha watoto Kurani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Mzee alisoma kimya, akarudia kusoma, kisha akalifunga daftari.

"Umeyatoa wapi haya?"

"Kwa bibi yangu. Anayasema usingizini."

"Ni Kiarabu, lakini si cha msahafuni. *Bab* ni mlango. Mengine siwezi. Sisi tulifundishwa kusoma, hatukufundishwa kuzungumza. Nikikutafsiria nitakudanganya." Alimrudishia daftari kwa vidole viwili. "Ila aliyeyasema kwanza alikuwa analia. Hilo halihitaji elimu."

Marietha alimkuta bibi yake uani anapepeta uwele.

"Bibi, ni mlango gani ule?"

Ungo ukasimama. Bibi aliuweka chini, akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mume wake wala mwanawe.

Alikuwa mtoto alipokamatwa kisimani na watu wa msafara. Walimpeleka Tabora, kwenye nyumba ya Mwarabu mmoja, akawa anateka maji. Mle ndani mlikuwa na binti wa huyo Mwarabu, wa rika lake, Zuwena. Walicheza pamoja na kulala mkeka mmoja. Kisha ukaja ugonjwa wa ndui. Zuwena aliugua, na mwenye nyumba akamwamuru Damari afunge mlango wa chumba cha mgonjwa na kutia gogo.

"Nikafunga," bibi alisema. "Siku zote tulisemezana Kiswahili, mimi na yeye. Lakini siku ile homa ilikuwa imempanda, akalia kwa lugha ya mama yake. Sikuelewa. Nilikaa pale nje mpaka aliponyamaza. Siku mbili."

"Halafu?"

"Wajerumani wakaja, nikarudi huku na wachukuzi. Nikabatizwa. Nimeungama dhambi zangu zote isipokuwa hiyo. Nitaiungamaje, na sijui niliambiwa nini? Labda alinilaani. Labda aliomba maji tu."

Fomu ya Wizara ilifika wiki mbili baadaye. Ilikuwa na nafasi ya machaguo matatu. Marietha alijaza moja tu: Lugha na Utamaduni wa Kiarabu, Khartoum.

Baba yake aliisoma akiwa amesimama.

"Kiarabu? Binti wa katekista? Mtama wa kijiji unaliwa na viwavi, taifa linalia halina wataalamu wa kilimo, wewe unakwenda kusoma Kiarabu! Kitamlisha nani?"

"Hakitamlisha mtu, baba. Nataka kuelewa anachosema bibi."

Lazaro alishusha sauti. "Anayesema pale si bibi yako."

"Basi nataka kumwelewa huyo."

Lazaro aliikunja fomu, akaitia mfukoni. Asubuhi aliipeleka fomu posta mwenyewe.

Huko Khartoum, Marietha hakuhitaji miaka minne. Katika mwezi wa pili, mwalimu alikuwa anafundisha jinsi ya kumkataza mwanamke jambo, na mfano alioutoa ulikuwa wa kufunga mlango. Darasa zima likaitika kwa pamoja, sauti thelathini: *La tughliqi l-bab. La tughliqi l-bab.* Marietha alitoka nje, akafungua daftari lake la zamani, akaandika tafsiri chini ya maneno ya bibi.

Hakuandika nyumbani juu ya jambo hilo. Bibi hakujua kusoma. Barua ingesomwa na baba kwa sauti, mbele ya wote. Alilibeba peke yake hadi mwaka 1974, aliporudi likizo.

Bibi Damari alikuwa amepofuka. Alimpapasa mjukuu wake usoni, na hata hakuuliza habari za safari.

"Alisema nini?"

"Alisema: Dada yangu, usifunge mlango, mimi nipo hapa."

Bibi alitikisa kichwa taratibu.

"Dada."

"Ndiyo, bibi."

"Hakunilaani?"

"Hakukulaani."

"Afadhali angenilaani," bibi alisema, akageukia ukutani.

Tangu siku hiyo sauti zikawa mbili. Mtoto alilia kama kawaida, kisha bibi akamjibu kwa sauti yake mwenyewe, kwa Kiswahili cha zamani: "Nakuja, natoa gogo." Yustina alilisikia hilo jibu akaenda kulala kwa jirani. Marietha alibaki. Mchana wa siku ya tisa sauti ya mtoto haikuja. Bibi aliita mara moja, akasikiliza, akaita tena. Jioni alikuwa amekufa.

Baada ya mazishi, watu walipotawanyika, Lazaro alibaki kaburini na binti yake, naye Marietha akamsimulia yaliyotokea Tabora.

"Unajua sala yoyote kwa lugha ile?"

"Najua Baba Yetu. Huko kuna kanisa wanasali hivyo."

"Isome."

Akaisoma mpaka mwisho. Baba yake hakuelewa neno, ila aliitikia Amina alipoona amenyamaza.

"Yule binti aliitwa nani?"

"Zuwena."

Lazaro alijua hilo si jina la ubatizo. Hata hivyo, mwezi wa Novemba alipoandika orodha ya marehemu wa kuombewa, aliandika Damari, na chini yake akaandika Zuwena. Padri Simeoni aliyasoma majina yote mawili mbele ya kanisa. Watu waligeuka kumtafuta mfiwa wa huyo wa pili, na katekista akasimama.