Vidole Vyenye Sugu

"Vumilia maumivu," alisema mwalimu wa gitaa ndani ya simu, kwa mara ya arobaini au zaidi, na kwa tabasamu lilelile. "Vidole vikishaota sugu, mambo yatanyooka."

Fundi viatu alivitazama vidole vyake. Miaka ishirini na sita ya kuvuta uzi na kusukuma msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, ilikuwa imevifanya vigumu kama soli alizozishona. Maumivu aliyotakiwa kuyavumilia hakuwahi kuyaonja hata siku moja. Ahadi ya mwalimu, basi, ilikuwa imekwisha kutimia kabla ya somo la kwanza, na mambo hayakunyooka ng'o.

Somo la saba ndilo lililomshinda. Kidole cha shahada kilipaswa kulala juu ya nyuzi zote sita, nazo ziimbe kwa pamoja. Zake zilikoroma. Aliirudisha video nyuma, akabana zaidi; zikakoroma zaidi. Akamuuliza mwalimu kosa liko wapi, kisha akajionea haya: mtu yule alirekodiwa zamani, hasikii wala haoni.

Na saa kumi shemeji yake angefika. Gitaa lilikuwa la shemeji huyo. Miezi mitatu iliyopita alilileta akicheka: "Ukipiga wimbo mmoja mwanzo hadi mwisho bila kusimama, ni lako. Ukishindwa, naondoka nalo." Sasa ilikuwa saa tisa na nusu.

Mkewe, muuguzi, alitoka chumbani akifunga vifungo vya sare.

"Baba Pacha, unalipiga hilo gitaa au unalinyonga?"

"Niache, Mama Pacha. Wewe gitaa hulijui."

"Silijui. Ila mkono wako umekaza mno." Akauweka wake mezani, kiganja juu. "Hebu tafuta mapigo yangu."

Fundi akakibana kifundo cha mkono wa mkewe.

"Unasikia nini?"

"Hakuna kitu."

"Basi nimeshakufa, kanizike. Legeza! Ukiukandamiza mshipa unauzima. Legeza tena."

Polepole, chini ya sugu, kitu kikadunda.

Alirudi kwenye gitaa. Nyuzi tano ziliita, ya sita ikakohoa. Alikuwa akijaribu tena shemeji alipobisha hodi huku ameshaingia.

"Haya, shemeji, tupe burudani!"

Akapiga. Mwanzo ulikwenda vizuri. Alipofika kwenye mkao ule wa somo la saba, mkono ukakakamaa kwa mazoea ya kazi. Akasimama, akaulegeza, akasubiri. Nyuzi zote sita zikaimba. Akaendelea hadi mwisho.

"Umesimama," alisema shemeji.

"Nilisimama ili nilegeze."

"Umesimama muda wa mtu kuvua viatu na kuvaa vingine. Maneno yalikuwa maneno, shemeji."

Mama Pacha alimkazia kaka yake macho, lakini zipu ya mfuko wa gitaa ilikwisha kufungwa. Fundi akamfungulia mgeni mlango.

Aliporudi aliichukua simu ayafute masomo yote. Kidole kikaning'inia juu ya kioo. Mkewe alikuwa ameinama, akitafuta kiatu chake cha pili.

"Lete mkono," akasema fundi.

"Nachelewa zamu. Na gitaa limeshaondoka."

"Dakika moja tu."

Mkewe akaunyoosha, akiguna, fundi akashika kifundo. "Taratibu basi. Mimi si soli."

"Vumilia maumivu," simu ikaanza, kidole gumba kilipogusa kioo.

"Kelele," fundi akamwambia mwalimu, akalegeza vidole juu ya mshipa.