Onyesho la Kifua

Linah Jerotich ameshonea wanawake wa Molo nguo kwa miaka ishirini, na kila anapowapima husema "kifua" huku akitazama ukuta. Neno lile lingine halijawahi kumtoka kinywani. Hata juzi, alipojipima gauni lake mwenyewe na kugusa uvimbe mdogo chini ya tepu, alijiambia ni mambo ya kifua tu, akaendelea kushona. Lakini hofu ilikuwa imemkaa rohoni.

Basi Natalie, mbunifu wa mavazi kutoka Nakuru, alimwomba atangaze kanisani onyesho la mitindo la kuchangia utafiti wa saratani ya matiti. Linah alisimama mbele ya waumini, akasafisha koo, akasema, "Jumamosi kuna fashion show hapa ukumbini, ya kusaidia ugonjwa wa kifua."

Jamani, kwa baridi ya Molo, nani hana kifua? Jumamosi ukumbi ulifurika wazee wenye makoti mazito na kofia za sufu. Walilipa kiingilio bila kunung'unika, wakaketi mbele, wakakohoa kwa zamu. Wasichana walipita na magauni ya waridi, wala hakuna aliyewapigia makofi. Wote walikuwa wakimtafuta daktari.

"Mama," mzee Bethwel, mkulima wa viazi, alimnong'oneza Linah kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "daktari ako wapi? Kifua yangu imeziba tangu April."

Natalie alimvuta Linah nyuma ya pazia. "Auntie, kwani uliwaambia nini?"

"Kifua."

"Si ungesema tu matiti!"

"Kanisani? Mbele ya pastor?"

Natalie alicheka hadi wanja ukamchuruzika, kisha akamkabidhi maikrofoni. "Haya, warekebishe wewe."

Linah alipanda jukwaani. "Ugonjwa wenyewe ni wa ma... ma..."

"Mapafu!" Bethwel akamsaidia.

"Matiti!" Linah akafoka. Vikohozi vyote vikakatika ghafla. Aliona aibu kali, lakini ile hofu ilikuwa kali zaidi. "Saratani ya matiti. Na mimi langu la kushoto lina uvimbe. Sijaambia mtu."

Bethwel alivua kofia. "Jumatatu napeleka viazi Nakuru," alisema polepole. "Nitakupeleka hospitali. Hapo mbele kwa pickup kuna nafasi ya mtu mmoja."

"Tutafinyana," alisema Chepkosgei, mkewe, bila kumtazama mumewe. "Hata mimi naenda. Langu ni la kulia."