Uso wa Mama kwa Vipande

Evodia aliziba dirisha la stoo yake ya Chang'ombe kwa blanketi mbili, akasukuma gunia chini ya mlango, akawasha taa nyekundu. Nje jua la Dodoma lilikuwa kali. Humo ndani alilowa jasho na kunuka dawa ya kusafishia picha. Hakujali. Jumamosi wangeweka msalaba kwenye kaburi la mama yao kule Chamwino, na picha kubwa ya marehemu ingesimama mbele ya watu. Alikuwa ameapa kwamba atakayesimama pale atakuwa mama yake, si mama wa mtu mwingine.

Picha kubwa huiagizi kabla hujaijaribu ndogo nyumbani. Alichukua vipande vya karatasi, akavipiga mwanga wa mashine yake ya kuchapia picha kimoja kimoja, hiki kidogo, kile zaidi. Karatasi hizo zina tabia yao: inayoonja mwanga kidogo hutoka nyeupe, inayoshiba hutoka nyeusi. Ndani ya beseni mama akajitokeza polepole. Kwenye kipande cheupe alikuwa mrembo wa kalenda. Kwenye kile cheusi kuliko vyote ndipo ilipoonekana nindi, duara la Kigogo alilochanjwa katikati ya paji la uso akiwa msichana.

"Huyu ndiye," Evodia alisema.

Alikipeleka kipande hicho studio mjini. Mwenye studio, Respicius, alikitazama kisha akaona haya.

"Kaka yako Meshack ameshapita, dada. Kasema mama tumng'arishe, na hiyo alama tuifute. Picha iko tayari."

Enzi hizo za ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa milango, kila kitu kilitakiwa king'ae: bati, viatu, hata marehemu. Evodia alitoka pale, akaenda moja kwa moja kwa kaka yake.

"Wageni wangu wa ofisini watakuwepo," Meshack alisema. "Unataka wamwone mama kama mshamba?"

"Alikuletea karanga ofisini kwako na paji hilohilo, kaka. Ulikula."

"Mimi ndiye mkubwa. Nimemaliza."

"Umemaliza wewe. Mimi hata sijaanza."

Mashine yake haikuweza kutoa picha kubwa kuliko kiganja. Basi akauchapa uso wa mama kwa vipande: paji, jicho, jicho, shavu, kidevu, kila kimoja akikijaribu kwanza mpaka weusi ulingane. Akavibandika juu ya ubao alioupata karakana ya Kizota. Maungio yalionekana na sikio moja lilipanda juu kidogo. Lakini nindi ilikaa mahali pake.

Jumamosi picha aliyoiagiza Meshack ilisimama kando ya kaburi ndani ya fremu ya dhahabu. Evodia alifika na ubao wake umefunikwa kanga, akausimamisha pembeni yake, akaufunua.

"Utatuaibisha," Meshack alinong'ona.

"Aibu ni yako, usinigawie."

Mama mdogo Hana, mdogo wake marehemu, alikuja taratibu na mkongojo wake. Akaitazama ile ya dhahabu.

"Huyu ni mgeni wa nani?"

Akasogea kwenye ubao, akaweka kidole juu ya lile duara, kisha akalishika la kwake, kwenye paji lake mwenyewe.

"Mbukwa, dada," alisalimia, machozi yakimtoka. "Tulichanjwa siku moja. Mimi nililia. Yeye alimwambia mchanjaji, chanja."

Kina mama wa Chamwino wakaanza kusogea nyuma yake. Wageni wa ofisini nao wakageuka kutazama. Meshack, uso umemwiva, akanyoosha mkono auchukue ule ubao. Evodia akasimama mbele yake.

"Mwache," Hana alisema bila kugeuka. "Lakini akiuondoa uso huu, aanze kwanza na wangu."

Mkono wa Meshack ulishuka. Baadaye kidogo akainama, akaichukua fremu yake ya dhahabu, akairudisha garini.